Siku Niliyompandisha Babu Ukutani

Kuna watu hapa Biharamulo ambao hadi leo wakikutana na mimi sokoni hawaniiti Adela, wala hawaniiti Mama Kelvini kama majirani zangu. Wananiita Rudatinya, halafu wanainua macho juu, kwenye paa au kwenye tawi lolote lililo karibu, wanacheka mpaka wanashika viuno. Mwanzoni nilikuwa naudhika, nilikuwa naweza kuacha nyanya nilizokwisha kuchagua nikaondoka. Siku hizi nacheka nao, na mkinisikiliza vizuri mtajua kwa nini. Ila niwasimulie mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wale wauza nyanya, maana wao wanaongeza chumvi, wanasema nilizimia (sikuzimia, nilikaa chini tu, ghafla).

Mimi ni mkutubi msaidizi katika maktaba ya umma pale mjini. Kwa miaka mingi watu waliijua maktaba yetu kama mahali pa wanafunzi wa kidato cha nne, pa wastaafu kugombania gazeti na pa kujikinga mvua ikikukuta njiani. Mpaka mkubwa wangu wa kazi, Bwana Kaijage, mtu mpole anayevaa sweta hata jua likiwaka, aliponiita ofisini akaniambia, "Adela, nataka watu waje humu wajikute wenyewe. Historia ya hapa hapa na sanaa za hapa hapa. Anzisha." Nikaanzisha. Jamani, sijisifu (nitajisifu baadaye, subirini), lakini programu ile ilishika. Kila Jumamosi wazee walikuja, mmoja anasimulia habari za boma la Wajerumani jinsi alivyosikia kwa baba yake, mwingine anafundisha watoto kusuka vikapu, mwingine analeta ngoma, na mimi nawarekodi kwa simu, naandika, naweka kwenye mafaili yenye majina yao. Nilikuwa natembea mjini kifua mbele.

Nikaweka na kanuni, nikaiandika kwa kalamu nene nyekundu na kuibandika mlangoni: HAKUNA HABARI INAYOPANDA UKUTANI BILA MASHAHIDI WAWILI. Maana yake, ukileta kitu au kisa, lazima watu wengine wawili wanaokijua wathibitishe, ndipo tukiweke kwenye maonyesho. Niliisimamia kanuni hiyo kama mgambo wa soko. Kuna mzee mmoja wa Nyakanazi, Mzee Lukas, alileta kiti cha miguu mitatu, akasema babu yake alikuwa akikikalia barazani kwa mtemi. Nikamwuliza, mashahidi? Hakuwa nao. Nikamrudisha Nyakanazi na kiti chake begani. Akaja tena na shahidi mmoja, nikamrudisha tena. Mara ya tatu alikuja na wazee wawili na hasira, nikakipokea kiti kwa risiti. Msisahau kiti hicho, wala Mzee Lukas.

Sasa, katika mipango yetu tukaamua kufanya siku kubwa ya historia na sanaa, uani mwa maktaba, na kwenye ukuta mrefu wa nje tuchore picha za watu wa majigambo. Kwa wasiojua, kwetu sisi wa upande wa Ngara na huku pia, mwanamume wa zamani alikuwa anasimama mbele za watu na mkuki au fimbo mkononi, anajisifu kwa maneno aliyoyapanga mwenyewe, tena ana jina lake la sifa humo ndani. Kihangaza tunasema kwivuga. Lakini siyo kusema tu chochote. Unasema ulichofanya wewe, kwa mwili wako, tena unasema mbele ya watu waliokuwepo, ili ukidanganya wakukatize. Hilo nilikuwa nalijua. Nilikuwa nalifundisha watoto kila Jumamosi.

Na mimi nilikuwa na kaseti. Babu yangu mzaa mama, Gervasi wa Rulenge, alifariki mimi nikiwa mtoto wa mgongoni, sikumbuki sura yake wala sauti yake. Nilipokuwa kidato cha pili nikaikuta kaseti kwenye sanduku la bati la mama, juu yake imeandikwa kwa kalamu ya risasi: GERVASI. Nikaenda kuisikiliza kwa jirani mwenye redio. Inaanza kwa mikwaruzo, kuna mtu anasema maneno mawili matatu, halafu inapasuka sauti nzito ya kiume, inajigamba kwa Kihangaza cha zamani habari za nyati porini Burigi, na jina la sifa ni Rudatinya, asiyeogopa. Mwili ulinisisimka. Majigambo yale yanakwenda dakika kama tatu, halafu pwaa, yanakatwa na kwaya ya kanisa inayoimba mpaka mwisho wa kaseti. Mimi nikajua ni bahati mbaya tu, kaseti za zamani ndivyo zilivyokuwa. Nikayakariri yale maneno yote. Nimeyakariri miaka zaidi ya ishirini, nimeyasema nikifua, nimeyasema nikijifungua (mkunga aliniambia nipunguze sauti), na kila nikidharauliwa mahali najisemea kimoyomoyo kwamba mimi ni mjukuu wa Rudatinya.

Basi uamuzi wangu mdogo ulikuwa huu: nisimwambie mama. Basi. Mama yangu anaishi Rulenge, ni binti pekee wa Gervasi, anampenda baba yake mpaka kesho, na tangu msiba hakuwahi kuisikiliza kaseti ile, anasema hawezi. Nikasema nitamfanyia sapraizi. Atakuja kwenye sherehe kama mgeni wa kawaida, atakaa mbele, kitambaa kitavutwa, atamwona baba yake ukutani, mkubwa kuliko mlango, amesimama na mkuki mbele ya nyati. Nilikuwa nikifikiria uso wake siku hiyo nalia peke yangu jikoni.

Nikampa Fundi Majaliwa kazi. Majaliwa ndiye anayechora mabango yote ya mjini, kuanzia vichwa vya saluni mpaka kuku wa mighahawa, na ana mkono mzuri sana. Nikampa picha ndogo ya babu niliyoitoa kwenye kadi ya zamani ya ushirika. Akamchora babu, jamani, ungesema anapumua. Nyati naye akamchora anatoa moshi puani (nilimwambia moshi ni mwingi, akasema bila moshi ni ng'ombe). Chini, kwa rangi ya mafuta: GERVASI RUDATINYA, HAKURUDI NYUMA.

Bwana Kaijage alipita akatazama, akavuta sweta lake. "Picha nzuri. Mashahidi wawili ni nani?"

"Bosi, huyu ni babu yangu mwenyewe. Nimtafutie babu yangu mashahidi?"

"Mama yako amethibitisha?"

"Ni sapraizi ya mama."

Akasema, "Kanuni uliiandika wewe," akaenda zake. Nikamwona ni mtu wa makaratasi asiyejua moyo wa mtu. Nikaufunika ukuta kwa vitenge vitatu vilivyoshonwa pamoja.

Jumamosi ikafika. Maturubai mawili, viti tumeazima parokiani, meza ndefu ya vitu vya kale imepambwa, kila kitu na kikaratasi chake: kiti cha Mzee Lukas, vibuyu vya maziwa, mkuki wa kweli wenye maandishi USIGUSE, na redio-kaseti ya zamani yenye kaseti yangu ndani, nimeiweka tu kama pambo. Watu walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye ukingo wa tangi la maji. Mgeni rasmi, mkubwa mmoja kutoka mkoani ambaye Kihangaza hajui hata neno, alifika kwa wakati. Mama alikuja tangu jana yake, amekaa mstari wa mbele, gauni lake la kanisani, kitenge kipya. Na mshereheshaji nilikuwa mimi.

Kwenye ratiba, jambo kubwa kabla ya kuvuta kitambaa lilikuwa majigambo ya Mzee Bonifasi wa Rulenge. Sikuwa nimewahi kumwona. Katekista wa kule ndiye aliyenipa habari zake, kwamba amebaki huyu mmoja anayejigamba kama wazee wa zamani, ana miaka karibu tisini na meno yake mwenyewe. Saa ya zamu yake ilipofika nikampigia simu.

"Shikamoo mzee, umefika wapi?"

"Marahaba mwanangu. Niko Nyakanazi, basi limenishusha hapa. Gari la kuja huko linangoja abiria. Nakula ndizi."

"Mzee, watu wanakungoja."

"Na mimi nangoja gari," akasema, akakata.

Nikasogeza ngoma mbele, nikasogeza wasusi wa vikapu mbele, nikawaimbisha watoto nyimbo tatu badala ya moja, mwisho mgeni rasmi akaanza kutazama saa. Ndipo shetani wa kujionyesha akanipanda kichwani. Nikashika maiki nikatangaza kwamba wakati tukimsubiri mzee wetu, nitawapa majigambo ya mtu ambaye mtamwona ukutani hivi punde, damu yangu mwenyewe. Mzee mmoja nyuma akanung'unika kwamba mwanamke na majigambo wapi na wapi. Hilo ndilo lililonimaliza kabisa. Nikafunga kitenge kiunoni, nikaenda mezani, nikachukua ule mkuki wa USIGUSE, nikasimama katikati ya uwanja, nikapiga kishindo.

Nilisema kwa Kihangaza, na kwa Kihangaza yanatikisa, lakini kwa Kiswahili ni kama hivi: "Mimi Rudatinya, nisiyejua njia ya kurudi! Nilitoka na umande miguuni, nyati akanijia na vumbi, nikamjia na chuma! Ardhi ikauliza nani atabaki, nikaijibu ni mimi! Pembe zilitafuta tumbo langu zikakuta mkono wangu!" Na mengine mengi. Sikukosea hata moja. Wale wageni waliotoka Rulenge walinyamaza kimya, mimi nikadhani ni heshima. Mama alikuwa ananipungia mkono wote, juu chini, juu chini, nikadhani ananishangilia, nikaongeza sauti.

Ndipo nikamwona mzee langoni. Mrefu, amekonda, koti la rangi ya udongo, kofia, fimbo, na mfuko wa plastiki wenye ndizi. Hakuingia, alisimama pale pale langoni, na midomo yake ilikuwa inatembea pamoja na yangu, neno kwa neno, tena mahali pengine ilinitangulia.

Nikafika pale ambapo kwenye kaseti kwaya inaanza, nikapiga kishindo cha mwisho, nikainama. Mgeni rasmi akapiga makofi peke yake. Mzee akatembea polepole mpaka katikati ya uwanja.

"Enderea," akaniambia.

Mimi kwa adabu nikasema kwenye maiki, uwanja mzima ukasikia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Enderea, bado hujafika mwisho."

"Mzee, mwisho ndiyo hapo. Haya ni majigambo ya babu yangu, Gervasi Rudatinya."

Mzee akavua kofia, akanitazama usoni. "Mjukuu wa Gervasi," akasema, kama mtu aliyeokota kitu. Halafu akasema, "Rudatinya ni mimi. Bonifasi. Nyati huyo nilimwua mimi. Sasa lete huo mkuki, nikumalizie."

Akauchukua. Na mzee wa miaka karibu tisini akanyooka, akawa kama fimbo iliyokatwa upya, akasema kwa ile sauti niliyoikariri miaka ishirini na zaidi, ila sasa ina mtetemo wa uzee, yale maneno yaliyofunikwa na kwaya:

"Tulitoka wawili, akasimama mmoja! Mwenzangu mkuki wake ulikuwa mrefu kuliko wangu, mkuki ukabaki chini, mwenyewe akawa juu! Mnabisha? Muulizeni Gervasi, aliona vizuri kuliko wote, aliona kutoka juu ya mgunga! Miiba ilimshika, hakusikia miiba!"

Watu wa Rulenge waliangua kicheko ambacho nadhani kilifika hospitali. Kumbe walikuwa wanangojea hapo tangu mwanzo. Kisa hicho kila mtu wa umri wao kule anakijua. Maana yake, jamani, kwa kanuni ya majigambo, mimi nilikuwa nimesimama mbele ya halaiki nikajisifu kwamba nilimpandisha babu yangu mwenyewe juu ya mti wa miiba.

Kutoka nyuma nikasikia sauti ya Mzee Lukas wa Nyakanazi, wala hakuhitaji maiki: "Mashahidi wawiri wako wapi, mwarimu?"

Ingeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini mgeni rasmi, kwa kuwa haelewi Kihangaza, alidhani ni mchezo tulioupanga, mtu na mkongwe wakijibizana, akafurahi sana, akainuka na kuelekea ukutani kuvuta vitenge. Mimi nikawaza kitu kimoja tu: asivute. Nikampokonya Mzee Bonifasi mkuki (sijui kwa nini, mkono ulikwenda wenyewe) nikatimua mbio kuelekea kwa mgeni rasmi nikipiga kelele "Usivute! Usivute!" Sasa fikirini wanamgambo wawili waliokuwa wakilinda pale walichokiona: mwanamke amefunga kiuno, ana mkuki, anamkimbilia mkubwa wa mkoa. Walinidaka hewani. Mguu ukanasa kwenye waya wa spika, spika ikalia kama mbuzi, nikakaa chini, na kwenye kukaa nikashika pindo la kitenge. Kwa hiyo mgeni rasmi hakuvuta. Nilivuta mimi.

Na babu akatokea. Mkubwa kuliko mlango. Mkuki mkononi, kifua wazi, macho makali mbele ya nyati wa moshi. GERVASI RUDATINYA, HAKURUDI NYUMA.

Kabla mtu hajacheka, Fundi Majaliwa, mtu wa kazi, akauliza kwa nia njema kabisa: "Dada Adela, kwa hiyo mti niuweke upande gani?"

Hapo ndipo uwanja ulipopasuka. Watu walilala kwenye viti. Mmoja wa wasusi wa vikapu alitoka nje kwenda kupumua. Nilikuwa nimekaa chini, mgambo mmoja amenishika mkono, nikamtafuta mama kwa macho, nikamwona amejifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Niliumia, nisiwafiche. Baba yake mtu, aliyelala kaburini bila kumkosea mtu, mimi nimemtoa na kumsimamisha mbele ya wilaya nzima achekwe.

Halafu nikaona jambo lililonitisha zaidi ya kicheko. Mzee Lukas alikuwa mezani, anakichukua kiti chake. "Kama maneno yao hayana shahidi, kiti changu kinafanya nini hapa?" Mama mmoja akasimama naye akachukua vibuyu vyake. Wa tatu akaanza kuitafuta ngoma yake. Ile kazi yote ya Jumamosi na Jumamosi, wazee waliokubali kuniamini na vitu ambavyo hawaviachii hata watoto wao, ilikuwa inainuka na kuondoka mbele ya macho yangu, kwa sababu yangu. Bwana Kaijage alisimama akivuta sweta lake.

Mzee Bonifasi akaokota maiki chini, akaipiga vidole kama anayejaribu tikiti maji, akasema, "Kaeni. Mimi nimekula ndizi tu tangu asubuhi nije kusema, na sijasema."

Wakakaa. Mzee Lukas alikaa juu ya kiti chake mwenyewe, amekikumbatia kwa miguu.

"Huyu mtoto maneno yangu aliyapata wapi?" mzee akauliza. Nikamwonyesha redio-kaseti mezani. "Iwashe. Tokea mwanzo."

Nikarudisha kaseti mwanzo. Ikaanza mikwaruzo, kisha yale maneno mawili matatu ya mtu fulani ambayo sikuwahi kuyajali, niliyokuwa nayaruka ili nifike kwenye sauti kubwa. Mtu wa sauti ndogo, ya upole, kama anayeongea na mgonjwa. Kwa Kihangaza anasema: Haya, sema. Nasikiliza.

"Zima," akasema Mzee Bonifasi. "Huyo ndiye Gervasi."

Mama alifunua uso. Hakuwa anacheka, hakuwa analia kabla ya hapo, sijui alikuwa anafanya nini, lakini sasa alilia. "Baba," akasema. "Ni baba yangu huyo." Miaka yote niliyoisikiliza kaseti ile nikimtafuta babu yangu, nilikuwa namruka.

Mzee Bonifasi akaendelea. "Gervasi alinunua redio kama hiyo, akaja nayo kwangu kwa baiskeli. Akaniambia, Bonifasi, yaseme majigambo yako, watu wanasahau. Nikamwambia, Gervasi, humo ndani wewe uko juu ya mti. Akaniambia, sema kwa nguvu basi, mti usikike." Watu wakacheka, lakini kicheko kingine. "Na nisikilizeni. Nyati yule nilimwua tukiwa wawili tu porini. Nikirudi nyumbani peke yangu na maneno yangu, nani ananiamini? Kijana wa miaka ishirini? Gervasi aliteremka mtini, miiba mwili mzima, akafika nyumbani kabla ya kuoga akasema mbele ya baba zetu: Bonifasi amemwua, mimi nilikuwa juu, niliona. Angeweza kusema tumemwua wote. Nisingebisha, alikuwa rafiki yangu. Jina langu hili la Rudatinya nimepewa na mdomo wa Gervasi." Akamgeukia Mzee Lukas. "Unauliza shahidi. Shahidi ndiye huyo ukutani."

Mzee Lukas akatazama ukuta, akatazama kanuni yangu nyekundu mlangoni. Kisha akainuka, akakibeba kiti mpaka katikati ya uwanja, akakiweka, akamkalisha Mzee Bonifasi juu yake (kikaratasi kilisema kisikaliwe, nani angethubutu). Yule mama akarudisha vibuyu mezani. Nikapumua.

Nikadhani yamekwisha. "Bado," akasema Mzee Bonifasi kutoka kitini. "Umesema majigambo ya mtu. Sasa sema ya kwako, uliyoyafanya wewe. Tupo hapa, ukidanganya tutakukatiza."

Nilisimama pale bila mkuki, vumbi kwenye gauni, kiatu kimoja sikukijua kilipo. Nikasema kile kilichokuwepo:

"Mimi Adela, mjukuu wa Gervasi wa juu ya mgunga! Niliiandika kanuni, nikairuka mwenyewe! Nilijigamba kwa maneno ya mtu, mwenyewe akaingia na ndizi zake! Nilimkimbiza mkubwa kwa mkuki, nikaangushwa na waya! Mnabisha? Muulizeni Mzee Lukas!"

"Ni kweri kabisa!" akajibu Mzee Lukas, na uwanja mzima ukapiga makofi, wa Rulenge wakiongoza. Mgeni rasmi wakati anaondoka alinishika mkono akanipongeza kwa igizo zuri. Sikumsahihisha.

Jioni tukiwa tunakunja maturubai nikamwuliza mama habari ya ile kwaya. Akacheka kwa mara ya kwanza siku ile. "Ni bibi yako. Alikaa na ile redio kanisani mstari wa mbele, akabonyeza kurekodi juu ya sehemu ya mti. Alisema mume wake hatakaa mtini milele. Baba aligundua, akaiacha hivyo hivyo." Kumbe ni ugonjwa wa ukoo. Bibi alimfunika kwa kwaya, mimi nikamfunika kwa rangi ya mafuta, na mwenyewe hakuomba kufunikwa.

Majaliwa alirudi Jumatatu. Sasa ukija maktabani utamwona Mzee Bonifasi chini na mkuki, nyati bado ana moshi, na juu kwenye mgunga, ameshika tawi kwa mkono mmoja, macho wazi kabisa, yuko babu yangu. Mama ndiye aliyesimama nyuma ya Majaliwa akimwambia aongeze miiba. Maandishi tuliyaweka baada ya kupata mashahidi wawili, Mzee Bonifasi na mama: GERVASI, ALIYEONA AKASEMA. Watu wengi hupiga picha pale, na wengi hucheka, na mimi nikiwa dirishani nawatazama najisikia fahari kuliko siku zile alipokuwa na mkuki.

Nimeapa sitasimama tena hadharani na maneno ya mtu nisiyemuuliza, wala sitamfanyia mama sapraizi yoyote, hata ya keki. Na Jumamosi wazee wakija, nikishamsalimia mmoja na kumpa kiti, kabla sijabonyeza simu kurekodi, huwa nasema maneno yale yale, kwa sauti ndogo, na huwa nayaacha yabaki kwenye rekodi. Haya, sema. Nasikiliza.